Jinsi ya kupanga bei ya nyama ya ng'ombe uliyemfuga mwenyewe na kumuuzia mlaji moja kwa moja

Mfugaji anayepeleka ng'ombe mnadani anauza kwa macho. Dalali anamzunguka mnyama, anapapasa nundu na mbavu, anataja bei, mnavutana, mnamalizana. Ukiamua kuchinja na kuuza nyama mwenyewe kwa majirani, wafanyakazi wenzako, waumini wenzako au wateja wa mjini, umeingia biashara nyingine kabisa, nayo ni biashara ya kilo. Hapo ndipo wafugaji wengi wanapopoteza fedha, kwa sababu ng'ombe mmoja ana kilo za aina tatu: kilo akiwa hai, kilo za mzoga baada ya kuchunwa na kutolewa matumbo, na kilo za mnofu baada ya kutolewa mifupa. Ng'ombe wa kilo 290 anaweza kukupa mzoga wa kilo 150 na mnofu wa kilo 100 tu. Kabla ya kutaja bei yoyote, jiulize unataja bei ya kilo ipi, na mteja ameelewa kilo ipi.

Hapa chini namfuata maksai mmoja wa kienyeji, aliyefugwa nyumbani na kunenepeshwa siku 90 Tanzania, tangu gharama ya kwanza hadi kilo ya mwisho. Bei nilizotumia ni za mfano wa hesabu. Weka za kwako, kwa sababu pumba za Kongwa na pumba za Kibaha hazina bei moja.

Hatua ya kwanza: andika gharama zote, hata zile ambazo hukuzitoa mfukoni

Kosa kubwa kuliko yote ni kusema, "Huyu kazaliwa hapa hapa zizini, sikumnunua." Ndama aliyezaliwa kwako ana bei tangu siku anayoweza kuuzwa. Siku unapomwingiza kwenye kunenepeshwa, uliza angepata kiasi gani mnadani siku hiyo hiyo, na kiasi hicho ndicho gharama yako ya kwanza. Usipofanya hivyo, utauza nyama kwa bei inayoonekana ina faida, kumbe ungemuuza akiwa hai miezi mitatu nyuma ungebaki na fedha nyingi zaidi na usingizi wako.

Maksai wetu siku ya kwanza ana kilo 220, na mnadani angeuzwa Sh 800,000. Baada ya hapo daftari linaendelea hivi:

Chakula: mchanganyiko wa nyasi kavu, pumba za mahindi, mashudu ya pamba au alizeti, molasi na chumvi, Sh 2,500 kwa siku kwa siku 90: Sh 225,000.
Dawa ya minyoo, kuogesha na chanjo: Sh 20,000.
Kijana wa zizi: analipwa Sh 120,000 kwa mwezi akihudumia ng'ombe wanane, hivyo kila ng'ombe anabeba Sh 15,000 kwa mwezi: Sh 45,000.
Maji na matengenezo ya zizi: Sh 20,000.
Kibali na usafiri wa kwenda machinjioni: Sh 40,000.
Kuchinja, ukaguzi na ushuru: Sh 30,000.
Kukata, mifuko na ubaridi: Sh 50,000.
Kusambaza kwa bajaji au bodaboda: Sh 40,000.
Akiba ya hatari: Sh 30,000.

Jumla Sh 1,300,000.

Kama wewe mwenyewe ndiye unayelisha na kusafisha zizi, jilipe ule mshahara wa kijana. Akiba ya hatari nayo isikushangaze. Mfugaji yeyote wa miaka kadhaa ameshawahi kupoteza mnyama kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, au kwa kuvimba tumbo, na yule aliyekufa lazima alipwe na walio hai.

Kuna gharama moja ambayo haimo kwenye orodha nyingi, nayo ni siku za kusubiri baada ya dawa. Antibayotiki na dawa nyingi za minyoo zimeandikwa kwenye kibandiko idadi ya siku ambazo nyama haifai kuliwa. Oksitetrasaiklini inayokaa muda mrefu mwilini mara nyingi huandikwa siku 28. Ukimchoma ng'ombe sindano hiyo wiki moja kabla ya tarehe ya kuchinja, huna budi kusogeza tarehe, na siku 21 za chakula zinazoongezeka kwa Sh 2,500 ni Sh 52,500 zaidi. Ziingize kwenye bei au zikubali kama hasara, lakini usimuuzie mtu nyama yenye dawa. Mteja wa moja kwa moja anakuamini kwa sababu anajua zizi lako, naye ataila nyama hiyo na watoto wake.

Hatua ya pili: mpime akiwa hai

Wafugaji wachache wana mizani ya ng'ombe, lakini futi ya fundi cherehani kila mtu anaweza kuipata. Simamisha mnyama kwenye ardhi tambarare, kichwa kikiwa mbele. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Maksai wetu siku ya 90 ana mzunguko wa sentimita 152 na urefu wa sentimita 136. 152 mara 152 ni 23,104, mara 136 ni 3,142,144, na ukigawanya kwa 10,840 unapata kilo 290 kasoro kidogo.

Hesabu hii inakadiria tu. Ng'ombe wenye nundu hawana umbo la wale ambao kanuni hii ilitengenezwa kwao, hivyo acha nafasi ya kukosea. Mpime asubuhi kabla hajala wala kunywa maji. Tumbo la ng'ombe aliyetoka malishoni linabeba kilo nyingi za majani na maji, na hakuna mteja atakayezilipia.

Hatua ya tatu: kadiria mzoga

Ng'ombe wa kienyeji aliyetoka malishoni tu, hasa mwisho wa kiangazi, mzoga wake mara nyingi hauzidi nusu ya uzito hai, na aliyekonda hushuka chini zaidi ya hapo. Aliyenenepeshwa vizuri hupanda hadi asilimia 52 au zaidi kidogo. Borani, aina ya ng'ombe wa nyama, na machotara wake kwa kawaida wana nyama zaidi pajani na mgongoni. Ng'ombe wa maziwa aliyezeeka ana mifupa mikubwa na nyama kidogo, usimpe asilimia za maksai.

Kwa maksai wetu nachukua asilimia 52: mzoga wa kilo 150. Kutoka hapo toa maji yanayopotea mzoga ukining'inia usiku kucha, unga wa mifupa wakati wa kukata na vipande vya kutupwa. Toa asilimia 4. Kilo zinazofika kwa wateja ni 144. Wengi hugawanya gharama kwa kilo 150 kwa sababu ndizo walizoziona kwenye mizani ya machinjio, na zile kilo 6 hazirudi tena.

Nje ya mzoga kuna kichwa, miguu, utumbo, ini, moyo, figo, mapafu na mkia. Hivi vina wateja wake, na mara nyingi huisha kabla ya nyama yenyewe: mama lishe wanataka utumbo, wauza supu wanataka makongoro na kichwa. Nachukua Sh 140,000 kwa vyote. Ngozi usiihesabu mpaka mnunuzi akupe fedha mkononi, kwa sababu bei yake imeanguka kiasi kwamba sehemu nyingi inaachwa machinjioni.

Hatua ya nne: pata bei ya kurudisha mtaji

Gharama Sh 1,300,000 ukitoa Sh 140,000 za kichwa, miguu na vya ndani, zinabaki Sh 1,160,000 za kulipwa na nyama. Gawanya kwa kilo 144. Unapata Sh 8,056 kwa kilo, nyama na mifupa yake.

Iandike namba hii mbele ya daftari. Chini yake unamlipa mteja ili ale nyama yako. Shemeji akiomba punguzo, mwenye hoteli akisema atachukua nyingi, rafiki akikumbusha ya zamani, namba hii ndiyo inayokujulisha unaweza kushuka mpaka wapi. Mteja hahitaji kuijua.

Hatua ya tano: nenda buchani ununue

Usiulize bei tu. Nenda kwenye bucha tatu ambazo wateja wako wanazitumia, nunua kilo moja ya nyama ya mchanganyiko kila mahali, rudi nayo nyumbani. Ipime tena kwa mizani yako. Kisha tenga mnofu upande mmoja, mifupa na mafuta upande mwingine, pima kila fungu. Utashangaa jinsi bei zinazofanana ubaoni zinavyotofautiana mezani. Kilo ya Sh 10,000 yenye nusu kilo ya mifupa ni mnofu wa Sh 20,000. Kilo ya Sh 10,500 yenye mfupa robo kilo ni mnofu wa Sh 14,000.

Kazi hii ya asubuhi moja inakupa maneno ya kweli ya kumwambia mteja. Huna haja ya kusema nyama yako ni "bora" bila ushahidi. Utasema: kilo yangu ina mnofu kiasi hiki, mnyama amelishwa hivi, hajapakiwa lori kutoka Shinyanga hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam, akipoteza uzito njiani, amechinjwa asubuhi hii. Mteja anayejua kununua nyama ataielewa hesabu hiyo haraka kuliko tangazo lolote.

Hatua ya sita: ongeza faida, kisha taja bei

Faida iamue kwa ng'ombe, halafu ishushe kwenye kilo. Miezi mitatu ya mtaji wa zaidi ya milioni moja, nataka Sh 200,000. Sh 1,160,000 na 200,000 ni 1,360,000. Gawanya kwa 144, unapata Sh 9,444. Naizungusha hadi Sh 9,500. Zote zikiuzwa kwa bei hiyo zinaleta Sh 1,368,000, na faida ni Sh 208,000.

Bucha wanauza Sh 10,000. Je, niuze chini ya bucha? Ushauri wangu ni kuangalia mteja anachukua kiasi gani. Anayenunua kilo mbili kwako hana sababu ya kupata bei ya chini kuliko buchani. Mpe kwa 10,000 na umpe nyama nzuri. Anayechukua kilo 18 kwa mkupuo, analipa kabla na anakubali mchanganyiko wa sehemu zote, huyo anastahili 9,500. Mwenye hoteli anayechukua kilo 40 akabembeleza hadi 8,800 bado hajakuingiza hasarani, lakini jua kwamba faida ya ng'ombe mzima imeshuka kutoka Sh 208,000 hadi Sh 180,000.

Hatua ya saba: chagua namna ya kugawa

Kuna njia tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni sehemu, na kwa mfugaji mdogo naiona bora kuliko nyingine. Watu wanane wanachukua ng'ombe mmoja, kila mmoja kilo 18 zenye kila kitu: paja, mkono, mbavu, kidari, shingo. Kwa 9,500 kila mmoja analipa Sh 171,000. Ng'ombe anaisha siku ile ile, hakuna nyama inayobaki ya kuhifadhi, na hakuna anayechukua sarara yote akakuachia shingo. Angalizo moja: ukigawa kwa robo, usimpe mmoja robo ya mbele na mwingine robo ya nyuma kwa bei moja. Robo ya nyuma ina mnofu zaidi. Changanya mbele na nyuma katika kila fungu, au weka bei mbili.

Ya pili ni mnofu mtupu. Kutoka kilo 144 utapata mnofu kilo 100 hivi. Tuseme mifupa kilo 30 inauzika kwa Sh 3,000, yaani Sh 90,000, na yaliyobaki ni mafuta na mabaki yasiyo na bei. Mnofu inabidi ubebe Sh 1,270,000, sawa na Sh 12,700 kwa kilo. Wateja wanaolinganisha 12,700 na 10,000 ya buchani watasema uko ghali, mpaka uwaoneshe ile hesabu ya mifupa.

Ya tatu ni vipande, kila kimoja kwa bei yake. Mfano wa mgao wa kilo 144:

Fileti na sarara, kilo 10 kwa Sh 14,000: Sh 140,000.
Steki ya paja, kilo 30 kwa Sh 12,000: Sh 360,000.
Nyama ya kusaga, kilo 14 kwa Sh 11,000: Sh 154,000.
Mchanganyiko wenye mifupa, kilo 70 kwa Sh 9,500: Sh 665,000.
Mifupa ya supu, kilo 20 kwa Sh 4,000: Sh 80,000.

Jumla Sh 1,399,000, Sh 39,000 juu ya lengo. Usizishangilie mapema. Ndizo zitakazolipa kipande kilicholala siku mbili ukalazimika kukipunguza bei. Kanuni ya kuangalia kila mara ni kwamba jumla ya vipande vyote lazima ifike kwenye lile lengo la Sh 1,360,000. Ukipandisha sarara kwa Sh 2,000 unapata Sh 20,000 tu kwa sababu ni kilo 10. Ukishusha mchanganyiko kwa Sh 500 unapoteza Sh 35,000. Fedha ya ng'ombe iko kwenye mkono, mbavu na shingo, hivyo usipunguze bei huko kwa sababu eti unapata faida kwenye fileti.

Iddi ya kuchinja ina hesabu yake

Kwa udhiya, watu hadi saba hushirikiana ng'ombe mmoja, naye awe ametimiza miaka miwili, asiwe mgonjwa, chongo, kiwete wala aliyekonda sana. Wanachonunua ni mnyama hai, kabla ya kuchinjwa. Hapa usipange bei ya kilo, panga bei ya mnyama mzima. Na kwa kuwa mnyama ni wao mzima, ngozi, kichwa na utumbo si vyako kuuza, na ujira wa mchinjaji haulipwi kwa nyama ya udhiya. Hivyo zile Sh 140,000 ulizokuwa unazitoa kwenye gharama hazipo.

Kwa maksai wetu, gharama mpaka mlangoni mwa zizi pamoja na akiba ya hatari ni Sh 1,140,000. Ongeza faida ya 200,000, inakuwa Sh 1,340,000, sawa na Sh 191,500 hivi kwa kila mmoja wa saba. Usafiri, kuchinja na kukata vilipwe kando, na waambie hivyo tangu mwanzo ili asubuhi ya Iddi isiwe ya mabishano.

Machinjio, muhuri na mizani

Nyama ya kuuza haichinjwi chini ya mwembe. Ipite kwenye machinjio yaliyoidhinishwa, mnyama akaguliwe kabla ya kuchinjwa, mzoga ukaguliwe baada yake na kugongwa muhuri. Biashara ya nyama Tanzania ina sheria yake, Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Nyama. Anza kwa afisa mifugo wa kata yako akueleze usajili na vibali vinavyohitajika mahali ulipo. Gharama hizi zimo kwenye hesabu yetu, kwa hiyo hazina sababu ya kukwepwa. Pia uliza mapema utaratibu wa uchinjaji, kwa kuwa wateja wako Waislamu watataka kujua nani kachinja.

Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mizani inayompa mteja gramu 50 za ziada katika kila kilo inakula kilo 7 za ng'ombe huyu, na inayompa pungufu kwa kiasi hicho inamwibia.

Tangaza bei kwa maneno yasiyoacha mwanya

Ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp unatosha kama umekamilika:

"Habari za leo ndugu zangu. Jumamosi tunachinja maksai mmoja, tumemlisha wenyewe miezi mitatu. Sehemu ni nane, kila moja kilo 18 kwa makadirio, mchanganyiko wa sehemu zote, yenye mifupa. Bei 9,500 kwa kilo, utalipia kilo zitakazopimwa. Malipo ya awali Sh 60,000 kwa simu kabla ya Alhamisi, salio wakati wa kupokea. Utumbo, maini na makongoro vinauzwa kando. Karibuni."

Maneno "kwa makadirio", "yenye mifupa" na "zitakazopimwa" yanaondoa ugomvi wote wa kawaida. Usimtoe ng'ombe zizini kabla sehemu sita kati ya nane hazijalipiwa.

Nyama ya mkopo naikataa moja kwa moja. Sehemu moja ni Sh 171,000 na faida ya ng'ombe mzima ni Sh 208,000. Mtu mmoja asipolipa, karibu faida yote ya miezi mitatu imeondoka naye.

Jioni ya siku ya mauzo

Kabla hujalala, andika uzito hai, uzito wa mzoga, kilo zilizouzwa na fedha zilizoingia. Tuseme mzoga umetoka kilo 141 badala ya 150. Kilo za kuuza zimekuwa 135, bei ya kurudisha mtaji imepanda hadi Sh 8,593, na kwa 9,500 faida imeshuka hadi Sh 122,500. Ili upate Sh 200,000 zako, ungelazimika kuuza karibu Sh 10,100, juu ya bucha. Hapo tatizo haliko kwenye bei. Angalia kama ulianza na mnyama mwenye fremu ndogo, kama mashudu yalikuwa machache, au kama alikuwa ameacha kuongezeka uzito tangu siku ya 60 nawe ukaendelea kumlisha kwa Sh 2,500 kila siku.